Umekisoma Kitabu cha Mwenzako, Mbona Umenyamaza?

Barua za wiki hii nyingi ni za ndoa na za pesa za vikoba, na zote nitazifikia. Leo nimetoa moja nikaiweka peke yake mezani, kwa sababu imenikalia kifuani siku nne.

Imetoka kwa binti wa Pangani. Anasema: "Shikamoo dada. Nina rafiki yangu, tumesoma wote kidato cha kwanza mpaka cha nne. Tulikuwa tukiandika hadithi nyuma ya madaftari ya hisabati na kubadilishana. Mimi niliacha, yeye hakuacha. Mwezi uliopita ametoa kitabu, amekichapa kwa pesa zake mwenyewe. Akanipa nakala bure na ndani ameandika jina langu. Nilikisoma usiku mmoja kwa taa ya simu. Kilipoisha nililia. Dada, nisikufiche, sikulia kwa ajili ya yule mama anayesubiri jahazi kwenye hadithi. Nililia kwa wivu. Asubuhi akanitumia ujumbe, umekionaje? Nikamjibu, kizuri, hongera. Sasa ni wiki tatu, nikimwona sokoni napita njia nyingine. Na kuna jingine. Mwisho wa hadithi ameuharakisha, naiona kasoro kabisa. Nimwambie? Au wivu ndio unaoiona hiyo kasoro?"

Marahaba, mdogo wangu. Kaa kitako tuzungumze.

Nianze na wivu, maana ndio unaokufanya ukimbie sokoni kama mtu anayedaiwa. Kuna kijicho na kuna wivu wa aina yako. Mwenye kijicho anataka mwenzake anyang'anywe. Wewe hukutaka rafiki yako anyang'anywe kitu. Ulilia kwa sababu ulisoma kitu ambacho mkono wako nao ulikuwa ukikitaka, halafu ukakumbuka ile siku uliyoiweka kalamu chini. Huo ni uchungu wako mwenyewe, na kitabu kibaya kisingeweza kukutoa chozi hilo. Kwa hiyo kabla hatujafika mbali, jua kwamba umeshatoa hukumu juu ya kitabu cha mwenzako, na hukumu yenyewe ni kubwa. Tatizo ni kwamba aliyestahili kuisikia hakuisikia. Yeye ameambiwa "kizuri, hongera".

Hebu litazame hilo neno. Ndilo tunalomwambia mtu aliyenunua sufuria. Mtu amekaa na hadithi mwaka, labda miwili, amekesha, ametoa pesa ambazo angenunulia mabati, halafu anayemjua kuliko wote, aliyekuwa akisoma hadithi zake nyuma ya daftari la hisabati, anampa maneno mawili ambayo hata asiyefungua jalada angeyasema. Nina hakika ameyasoma mara kumi akitafuta kama kuna kitu kimejificha ndani yake.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe nililisema neno hilo, na mpaka leo nalijutia.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nakaa Ngamiani, hapa Tanga. Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, sote tukimwita shangazi, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani barazani kwake. Watu walimjua kwa hilo na kwa maandazi yake. Hawakujua kwamba anatunga. Siku moja baada ya alasiri aliniita, akatoa daftari lililofungwa ndani ya kipande cha kanga, akaniambia, "Nasikia wewe unapenda kusoma. Nitazamie haya." Lilikuwa daftari la jalada la bluu, pembe zake zimeliwa na mende. Ndani mlikuwa na utenzi kwa herufi za Kiarabu, wa kumuusia binti yake aliyekuwa akienda kuolewa mbali. Nilimpa baba yangu anisomee nilipokwama, na usiku ule hatukulala mapema. Kulikuwa na ubeti mmoja ambao neno lake la mwisho alilikata, akaandika jingine juu, akalikata na hilo, akaandika la tatu pembeni kwa wino tofauti. Yaani alirudi siku nyingine, pengine baada ya wiki, kutafuta kina kinachokaa. Na la tatu ndilo lililokuwa sawa. Baba alilisoma kwa sauti, akanyamaza, kisha akalisoma tena.

Unajua nilichofanya? Asubuhi nilimpa mtoto wa jirani daftari alirudishe. Nikamwambia, "Mwambie shangazi ni zuri sana, nitakuja tuzungumze." Niliona haya. Nilijiambia mimi ni mtoto, nitamwambia nini mtu mzima kuhusu utenzi wake? Ukaingia Ramadhani, nikasema nitakwenda Idi. Idi ilipofika nilikuwa Lushoto kwa wakwe wa dada yangu. Shangazi alifariki siku sita baada ya Idi. Nilikwenda matangani, na yule binti aliyetungiwa utenzi alinishika mkono akaniuliza, "Ulisoma lile daftari? Mama alikuwa akiuliza kila mara kama umesema kitu."

Nilikuwa na kitu cha kusema. Nilikuwa na neno lile la tatu pembeni, lenye wino tofauti. Ningemwambia tu, "Shangazi, nimeona ulivyolitafuta," angejua kwamba yule mtu mmoja aliyempa daftari amesoma kweli. Sikumwambia. Ndiyo maana barua yako imenikaa kifuani.

Sasa nikusimulie habari za watu wa mbali kidogo, halafu nitakurudisha nyumbani.

Uingereza, wakati wa Malkia Victoria, katikati ya Oktoba 1847, ilitoka riwaya iitwayo Jane Eyre. Jina la mwandishi lililochapwa lilikuwa Currer Bell, jina la kujificha. Mwenyewe alikuwa Charlotte Brontë, binti wa kasisi, anakaa kijijini Yorkshire, na London hakuna aliyemjua. Wachapishaji walimpelekea nakala William Makepeace Thackeray. Huyu naye alikuwa mwandishi, na wakati uleule alikuwa kwenye jasho la kitabu chake Vanity Fair, kilichokuwa kikitoka kipande kipande kila mwezi. Wapiga chapa walikuwa wakimsubiri. Alikuwa na kila sababu ya kukiona kitabu cha mgeni yule kama mshindani mlangoni. Lakini tarehe 23 ya mwezi huohuo aliketi akamwandikia mtu wa kampuni ile barua ya faragha. Alikiri kwamba kitabu kimemlia siku nzima ya kazi, kwamba mahali pengine kilimliza, na kwamba anavyohisi mwandishi ni mwanamke. Maneno yale yalimfikia Charlotte kule kijijini ndani ya siku chache, na toleo la pili la Jane Eyre alilitabaruku kwa jina la Thackeray.

Nataka uone mambo mawili hapo. Kwanza, kitabu kilitoka katikati ya mwezi na barua ikaandikwa kabla mwezi haujaisha. Hakusubiri moyo utulie. Pili, hakusema "kizuri". Alisema kilichompata: nimepoteza siku, nimelia, nimehisi mkono wa mwanamke. Hayo ni mambo matatu ambayo mtu hawezi kuyasema bila kusoma.

Thackeray huyohuyo alikuwa na rafiki tangu ujana wao chuoni Cambridge, aitwaye Edward FitzGerald. Huyu alipenda upweke na bahari, na alijifunza Kiajemi ukubwani. Mwaka 1859 alitoa kijitabu cha mashairi ya Kiajemi ya Omar Khayyam aliyoyatia katika Kiingereza, nakala 250, bila jina lake. Hakikununuliwa. Muuza vitabu akazitupa nakala kwenye sanduku la bei ya chee nje ya duka, senti moja ya Kiingereza kila nakala. Miaka miwili ikapita ndipo wapita njia wakaanza kuziokota, nao wakawapa rafiki zao, na mmoja wa waliofikiwa ni John Ruskin, bingwa wa kuandika juu ya sanaa, mtu ambaye sifa yake ilikuwa ikitafutwa nchi nzima.

Ruskin alisoma akatikisika. Tarehe 2 Septemba 1863 aliandika barua ya shukrani. Lakini amwandikie nani? Kitabu hakikuwa na jina. Akaandika tu kwa mfasiri wa Omar, akamwachia mke wa rafiki yake mchoraji, akamwambia ampe mwenyewe siku atakapojulikana. Barua ikalala. Ikalala miaka karibu kumi, mdogo wangu. Mwishowe Mmarekani mmoja, msomi, akasikia kwamba mfasiri ni FitzGerald, akapewa barua ile, naye akampelekea Thomas Carlyle, mwandishi mkubwa wa London. Carlyle alikuwa rafiki wa FitzGerald miaka mingi na hakuwa na habari kwamba rafiki yake ndiye aliyeifanya kazi hiyo! Ndipo barua ilipofika, Aprili 1873. FitzGerald alikuwa ameshatimiza miaka 64. Thackeray alikuwa kaburini tangu Desemba 1863, mwezi wa tatu baada ya barua kuandikwa.

Miaka ile kumi Ruskin alikuwa na udhuru. Hakumjua mtu wake. Wewe wa kwako unamjua, namba yake unayo, na ukitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi unamkuta akinunua samaki.

Turudi kwetu. Kijitabu kile hakikuishia London. Mwaka 1909, tarehe 1 Januari, miaka mia moja baada ya mwaka aliozaliwa FitzGerald, kijijini Vibambani karibu na Machui, hapa kusini mwa mji wetu, alizaliwa Shaaban Robert. Ukitoka Tanga kwenda kwenu Pangani unaipita Machui, na kaburi lake liko hukohuko. Shule aliisoma Dar es Salaam, 1922 mpaka 1926. Kisha akawa karani wa forodha mpaka 1944, na Pangani ni mmoja wa miji aliyofanyia kazi. Wewe unapita kila siku mbele ya majengo ya zamani pale ukingoni mwa mto na pengine hujawahi kuwaza kwamba miaka ile palikuwa na karani anayehesabu mizigo mchana na kuhesabu mizani usiku. Mtu huyu, Mwislamu wa Tanga, alikisoma kile Kiingereza cha FitzGerald juu ya Omar, na jibu lake likawa la vitendo. Alikaa nacho ubeti kwa ubeti mpaka kikasema Kiswahili. Omar Khayyam kwa Kiswahili kilitoka 1952. Mimi sioni heshima kubwa kuliko hiyo ambayo msomaji mmoja anaweza kumpa mwandishi mwenzake, na FitzGerald hakuijua, maana alikufa 1883.

Lakini la Shaaban Robert ninalotaka ulitie moyoni ni jingine. Watu wengi wanamjua kwa Kusadikika na kwa mashairi. Wachache wamekifungua kitabu kiitwacho Barua za Shaaban Robert, kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002. Ni barua alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 mpaka 1958. Hesabu mwenyewe, miaka 27. Na Yusuf hakuwa mpokeaji tu. Naye aliandika, hadithi zake zilichapwa katika kitabu Nguzo ya Maji. Yaani ni ndugu wawili wa mwambao huu, wote wana kalamu mkononi, na katikati yao kuna karatasi, bahasha na stempu.

Na kumbuka Shaaban hakukosa jukwaa. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na washairi walikuwa wakijibizana humo mwezi hadi mwezi, huyu anafunga fumbo, yule analifungua, nchi nzima inatazama. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo. Tunajibizana kwa shairi, kwa taarabu, kwa kanga tunayoivaa kupita mlangoni kwa mtu. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, hapahapa Tanga shule ya serikali ya Mjerumani ilikuwa ikichapa Kiongozi, na watu walipeleka mashairi yao. Kujibu hadharani ni ada yetu na ni ada nzuri. Pamoja na hayo, mtu yule aliyekuwa na gazeti zima la kusemea aliendelea kuketi na kumwandikia mtu mmoja maneno ya watu wawili. Na huyo mtu mmoja akayatunza. Asingeyatunza, leo tungekuwa na vitabu vya Shaaban Robert tu, sauti yake ya nyumbani tusingeisikia.

Kwa hiyo nikisikia unataka kukipiga picha kitabu cha rafiki yako ukiweke kwenye status na mioyo mitatu, nitakwambia weka, kitamsaidia kuuza. Lakini usidhani umemjibu. Status inawaambia watu mia mbili kwamba wewe ni rafiki mwema. Yeye alikuuliza umekionaje, na swali lile alikuuliza peke yako.

Bado nina jambo moja la Shaaban. Alimwandikia wasifu Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, binti wa Fumba aliyeanza na kuuza vyungu, mpaka sauti yake ikaenda kutiwa kwenye santuri Bombay mwaka 1928. Msanii mkubwa amemsikia msanii mkubwa, akaona hawezi kunyamaza. Wasifu huo ulitoka 1958. Siti alifariki 1950. Nikikishika kitabu kile nafurahi kwamba kipo, na papo hapo nasikitika kwa ile miaka minane.

Sasa kasoro. Umeniuliza kama ni wivu unaoiona. Swali hilo ni la mtu mwaminifu, na nitalijibu kwa kisa kingine cha Charlotte Brontë, safari hii yeye akiwa msomaji. Januari 1848 mhakiki mmoja, George Henry Lewes, alimshauri ajifunze kwa Jane Austen. Charlotte akakitafuta kitabu Pride and Prejudice, akakisoma, kisha akamwandikia Lewes kwamba hakuona kilichomsisimua. Alikiona kama bustani iliyofagiliwa vizuri na kuzungushiwa ua, hakuna upepo, hakuna mlima, hakuna uwanda. Austen alikuwa amekufa tangu 1817, kwa hiyo halikumuumiza. Lakini barua ile ya faragha leo inasomwa na kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza, na mimi nikiisoma namwona Charlotte kuliko ninavyomwona Austen. Upepo na milima ilikuwa ya Charlotte. Alikilaumu kitabu cha mwenzake kwa kutokuwa kitabu chake yeye.

Chukua kipimo hicho. Fungua ule mwisho wa hadithi ya rafiki yako, usome tena mchana, umeshiba, umepumzika. Ukiweza kuweka kidole ukurasani ukasema "hapa jahazi limefika na ukurasa unaofuata watu wameshaoana, mama hajapewa hata dakika ya kumtazama mwanawe", basi hiyo ni kasoro ya kitabu na msomaji yeyote mwenye macho ataiona. Ukijikuta unasema "mimi ningemfanya mama afe kabla jahazi halijaja", hicho ni kitabu chako kinachodai kuandikwa. Usimpe yeye deni hilo. Nenda kanunue daftari.

Na kasoro ukiithibitisha, usiipeleke pamoja na sifa siku moja. Najua wapo watakaobisha, waseme ukweli usemwe wote kwa mara moja. Mimi nimeona watu wengi, na nimeona kwamba mtu aliyetoka kuchapa kitabu ni kama mzazi aliye arubaini. Unamkuta na mtoto mkononi, unamsifu mtoto, unamletea mama uji. Habari ya kwamba mtoto anahitaji kutazamwa na daktari utaisema, lakini utakaa kwanza. Mwandikie sifa uliyoiona. Atakapojibu, na akikuuliza "na wapi hapakukaa sawa?", ndipo umwambie, jambo moja, kwa ukurasa wake, yeye peke yake. Asipouliza, subiri mpaka aseme anaandika kingine au anataka kukichapa tena cha kwanza. Hapo kasoro inakuwa msaada, maana ana la kuifanyia. Kosa lililokwisha kuchapwa kwenye nakala zilizoko dukani halitengenezeki usiku huu.

Usimpelekee mtu wa tatu kabla yake. Ukishamwambia shoga mwingine kwamba mwisho wa kile kitabu umeharakishwa, mji wenu mdogo, neno litafika kwa mwandishi kabla hujavuka barabara, tena litafika limeongezwa chumvi.

Je, umwambie habari ya wivu? Nimelifikiria hili siku zote nne. Jibu langu ni ndiyo, lakini sentensi moja tu, tena iwekwe mwishoni. Ukianza nayo, barua itakuwa juu yako, na yeye atalazimika kukubembeleza wewe badala ya kufurahi. Ukiificha kabisa, hataelewa kwa nini ulipotea wiki tatu, na ataijaza nafasi hiyo kwa mawazo mabaya. Atadhani kitabu kilikuchukiza. Huenda hivi sasa ndivyo anavyodhani.

Na uanze wapi? Wewe mwenyewe umenionyesha bila kujua. Umeniandikia kwamba hukumlilia "yule mama anayesubiri jahazi". Kitabu kizima, watu wote waliomo, na wewe uliyekuwa ukinieleza habari za wivu wako, umemtaja mmoja. Yule mama amekaa kichwani mwako. Anzia kwake. Tafuta ukurasa aliokushika, uandike namba yake.

Ningekuwa mimi ningeandika kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari, kwa ile desturi yetu ya zamani ambayo vijana mmeiacha: ama baada ya salamu, hali yangu ni njema, hofu na mashaka ni juu yako. Kisha ningesema: "Rafiki yangu, uliniuliza umekionaje, nikakujibu vibaya. Nakuomba radhi. Nilikisoma usiku mmoja mpaka simu ikazima chaji. Pale mama anapotoka kwenda ufukweni na kurudi bila kumwambia mtu alikokwenda, nilifunga kitabu kidogo kabla sijaendelea. Hukuandika kwamba ana huzuni, lakini niliiona. Ulikuwa ukiandika hivyo tangu kidato cha pili, na sasa umefika. Nilikukimbia sokoni kwa sababu nilikuonea wivu, na wivu wenyewe umenikumbusha kwamba na mimi nilikuwa naandika." Basi. Usiongeze mapambo. Ikiwa mkono wako umeshazoea simu, tuma kwa simu, si dhambi, ila uandike maneno marefu ya kutosha, na usitume sauti. Sauti husikilizwa mara moja ikapotea chini ya nyingine. Maandishi atayarudia.

Naona nimeandika kama vile ni lazima yeye apokee vizuri. Anaweza kukaa kimya siku mbili, amekasirika kwa wiki tatu zile. Mvumilie, ni haki yake.

Na nyie wengine mnaosoma hapa, ambao hamna rafiki aliyetoa kitabu, msigeuze ukurasa mkidhani haya si yenu. Yupo kijana wa mtaani anayeandika kaswida za madrasa. Yupo mwalimu aliyeandika historia ya kijiji chake, akaichapa nakala hamsini, akagawa bure, na hakuna aliyerudi kumwambia amefika ukurasa gani. Yupo bibi mwenye daftari ndani ya kanga. Mtu akikupa maandishi yake, amekupa kazi, na kazi haiishi mpaka umrudishie neno lenye mahali pake.

Binti wa Pangani, leo unaposoma hapa ni Jumamosi. Kesho asubuhi usipite ile njia nyingine. Pita ya sokoni, barua ukiwa nayo mkobani. Halafu niandikie uniambie alisema nini. Nasubiri.